Enzaimu imegoma kukata DNA? Isome jeli kwanza kabla hujaitupa

Mtu akija analalamika enzaimu imekufa, we muulize tu kontroli, yaani sampuli ya kulinganisha, iko wapi. Mara nyingi hana. Kaweka sampuli yake kishimo kimoja cha jeli, lada (DNA ya saizi zinazojulikana, ndo rula) kishimo cha pili, basi, halafu anataka iagizwe enzaimu mpya ambayo itakaa njiani mpaka barafu iyeyuke yote. Msimamo wangu uko wazi, enzaimu ni ya mwisho kulaumiwa, ya kwanza ni DNA yako mwenyewe, na jeli ukiipanga vizuri inakuonyesha mwenye kosa bila kubishana na mtu.

Kwa wageni kidogo tu. DNA unaitia kwenye vishimo vya jeli, umeme unaisukuma, vipande vidogo vinatangulia, na kila saizi inaonekana kama mstari, ndo bendi. Hizi enzaimu za kukata DNA kwa asili ni silaha ya bakteria dhidi ya virusi wanaowavamia. EcoRI kwa mfano inatoka kwa bakteria E. coli, inapita kwenye DNA inatafuta herufi GAATTC, ikizikuta inakata kati ya G na A, na kwa vile uzi wa pili nao ukisomwa kwa mwelekeo wake unasomeka GAATTC hivyohivyo, inakata na kule, unabaki na ncha mbili zenye kimkia cha AATT kinachoning'inia. Hizo ndo ncha nata. SmaI na EcoRV zinakata katikati kabisa, ncha zinakuwa butu. Sasa bakteria mwenyewe mbona hajikati? Kwa sababu DNA yake ameiwekea alama za methili (kikundi kidogo cha kemikali) kwenye sehemu hizohizo, enzaimu ikifika inapita. Na jingine, enzaimu hizi bila magnesiamu hazikati. Shika hayo mawili, methili na magnesiamu, maana matatizo mengi huku chini yanazunguka hapohapo.

Werner Arber, Hamilton Smith na Daniel Nathans walipewa Nobel ya 1978 kwa kazi hii, na 1973 Herbert Boyer na Stanley Cohen walishatumia EcoRI kuunganisha vipande vya DNA kwenye plasmidi (kiduara kidogo cha DNA cha bakteria) na kuviingiza kwa bakteria. Njia hiyo ndo ikazaa insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria, ikaidhinishwa Marekani 1982. Tuendelee na shida zetu.

Kwanza vishimo vinne, usibane

Cha kwanza plasmidi yako isiyokatwa, lakini iliyokaa kwenye bafa (maji ya chumvi ya kukatia) ileile na joto lilelile, kasoro enzaimu tu. Cha pili plasmidi yako na enzaimu. Cha tatu DNA ya lambda (kirusi cha bakteria) na enzaimu hiyohiyo. Cha nne changanya, lambda pamoja na DNA yako na enzaimu, tyubu moja. Hiki cha nne watu wanakiruka na ndo chenye majibu. Lambda peke yake ikikatika lakini ikigoma ikiwa na DNA yako, basi DNA yako imebeba uchafu unaozuia enzaimu. Lambda ikikatika kwenye mchanganyiko na DNA yako bado nzima, hapo uchafu hamna, tatizo liko kwenye mfuatano wenyewe, aidha una methili au hilo eneo halipo kabisa. Na lambda ikigoma hata peke yake ndo sasa uanze kuishuku enzaimu, bafa au joto. Ila hakikisha enzaimu uliyochagua inakata lambda kweli, maana NotI haina pa kukata pale, utalia bure.

Dalili: haijakata hata kidogo

Tuseme kishimo cha nne kimesema ni uchafu. Watu wanakimbilia kusema EDTA, EDTA, kwa sababu inakamata magnesiamu. Ni kweli inakamata lakini piga hesabu, TE ya kawaida, ile bafa ya kuhifadhia DNA, ina EDTA milimola 1, na bafa nyingi za kukatia zina magnesiamu milimola 10, hata ukijaza nusu ya tyubu kwa DNA iliyoko kwenye TE utakuwa na EDTA milimola 0.5 tu, haitoshi kuimaliza. EDTA inakuwa shida pale mtu alipoikausha DNA iliyokuwa kwenye TE nyingi akaja kuiyeyusha kwenye maji kidogo, au alipomwaga EDTA nzito wakati wa kutoa DNA. Kwa uzoefu wa kawaida maabara, ethanoli iliyobaki ndo mkosaji mkubwa zaidi, manake mtu ana haraka, hajazungusha safu yake (kichujio cha kusafishia DNA) mara ya mwisho ikiwa tupu, ethanoli inashuka pamoja na DNA. Dalili yake utaijua, ukipakia kwenye jeli sampuli inaelea, haizami kishimoni. Fenoli nayo, chumvi nyingi, sabuni ya SDS. Pima kwa mashine ya mwanga uwiano wa 260/280 iwe karibu 1.8 na 260/230 iwe 2 hivi au juu yake, hii ya pili ikiwa chini sana una fenoli au chumvi ya guanidini. Dawa yake isafishe upya, au kama DNA yako ni nzito we weka kidogo tu kwenye ujazo mkubwa, badala ya maikrolita 20 fanya 50, uchafu unapungua nguvu.

Sasa kama kishimo cha nne kimesema ni mfuatano. Hapa ndo watu wanapoteza wiki nzima. E. coli wengi wa maabara, DH5α akiwemo, wana enzaimu inaitwa Dam ambayo kila ikiona GATC inaipachika A yake methili. Enzaimu zingine hazijali. BamHI inasoma GGATCC, ndani yake kuna GATC na bado inakata tu. Lakini BclI inasoma TGATCA na haikati ikiwa na hiyo methili, kwa hiyo plasmidi kutoka DH5α haitakatwa na BclI hata ukae mpaka kesho. Mtego mbaya kuliko wote ni XbaI, inasoma TCTAGA ambayo yenyewe haina GATC, unaangalia ramani unaona eneo lipo, roho kwatu, kumbe baada ya TCTAGA zinafuata TC, ukiziunganisha inakuwa TCTAGATC na GATC imejitokeza hapo mwishoni. Au kabla yake kuna GA, inakuwa GATCTAGA, yaleyale. ClaI ya ATCGAT nayo hivyohivyo ikitanguliwa na G au ikifuatiwa na C. Kwa hiyo usisome herufi sita tu, soma na jirani zake wawili kila upande. Programu nyingi za kuchora ramani za plasmidi zina sehemu ya kuonyesha maeneo yaliyozibwa na methili, iwashe.

Dawa ni kuihamishia plasmidi kwenye E. coli asiye na Dam wala Dcm (nayo ni enzaimu ya kupachika methili), uivune upya. Njia nyingine ni kuzalisha kipande kwa PCR (kunakili DNA kwa mashine) maana DNA ya PCR haina methili hata moja. Na ukitaka kucheka kuna DpnI, yenyewe kinyume, inakata GATC yenye methili tu, isiyo na methili inaiacha. Ndo maana baada ya kubadilisha herufi kwa PCR watu wanaweka DpnI, inakula plasmidi ya zamani iliyotoka kwa bakteria na kuacha mpya.

Ikiwa lambda yenyewe imegoma, angalia joto kwanza kabla ya kitu kingine. Watu wameshazoea nyuzi 37 kwa kila kitu, SmaI inataka 25, ApoI inataka 50, TaqI 65. Halafu bafa, je imeyeyuka yote na umeichanganya kabla ya kuivuta? Bafa iliyoganda ikiyeyuka nusu, chumvi inakaa chini, wa kwanza anavuta maji na wa mwisho anavuta chumvi.

Friza sasa. Enzaimu zinakaa kwenye gliseroli asilimia 50 kwenye nyuzi hasi 20, kwa hiyo haitakiwi kuganda, ukiitoa ikiwa jiwe ujue imewekwa kwenye hasi 80 au kuna mtu kaingiza maji. Friza zile zinazojiyeyusha barafu zenyewe ni adui maana zinapanda joto na kushuka kila mara. Kwa huku kwetu umeme ukikatika usiku na jenereta isiwake, tyubu ziwe ndani ya kibaridishi chake ndani ya friza, zitastahimili saa kadhaa vizuri kabisa, kuliko kuzipanga tupu mlangoni. Na enzaimu ni nzito inazama, ukiiweka mwisho halafu usichanganye inakaa chini ya tyubu na DNA iko juu, wanaangaliana. Gonga tyubu kwa kidole mara chache, zungusha kidogo kwenye sentrifuji, usiitikise kwa mashine.

Dalili ya uongo: "mbona naona bendi tatu na sijakata?"

Hii siyo shida lakini inaleta kelele kila mwaka wanafunzi wapya wakija. Plasmidi isiyokatwa ina sura zaidi ya moja. Ile iliyojisokota kama kamba inakimbia mbele zaidi, iliyochanika uzi mmoja inalegea inakuwa duara kubwa inachelewa nyuma, na ikiwepo iliyonyooka inakaa katikati. Kwa hiyo plasmidi ya pUC19 ya jozi za herufi 2,686 isiyokatwa unaweza kuiona chini ya 2,000 kwenye lada na ukadhani umekosea plasmidi. Lada inapima DNA iliyonyooka peke yake, usisome plasmidi isiyokatwa kwa lada. Ikishakatwa mara moja na EcoRI zote zinakuwa bendi moja, pale kwenye jozi elfu 2.7.

Dalili: imekata nusunusu

Unaona bendi ulizotarajia plus nyingine kubwa zaidi juu. Jumlisha. Kama bendi ya ziada ni sawa na jumla ya mbili za chini basi ni eneo ambalo halijakatwa. Mfano mzuri ni lambda yenyewe kwa HindIII, unatarajia vipande 8, kikubwa 23,130, halafu unaona kivuli juu yake na kile cha 4,361 kimefifia. Hapo enzaimu haina kosa lolote, lambda ina ncha zake za asili zenye herufi 12 zinazonata zenyewe, 23,130 na 4,361 zimeshikana. Pasha nyuzi 65 dakika kama tano, weka kwenye barafu, pakia, kivuli kinaondoka.

Kwa plasmidi sababu kubwa ni enzaimu kuwa chache. Yuniti moja maana yake ni kiasi kinachomaliza mikrogramu 1 ya lambda kwa saa 1. Sasa lambda ina jozi 48,502 na maeneo ya EcoRI matano tu, yaani eneo moja kila jozi elfu tisa na mia saba hivi, wakati pUC19 ina moja kila jozi 2,686, kwa hiyo kwenye mikrogramu ileile kuna maeneo zaidi ya mara tatu ya kukata, na bado plasmidi imejisokota ambayo enzaimu zingine hazipendi. Ndo maana wazoefu wanaweka yuniti 5 mpaka 10 kwa mikrogramu, na siyo ubadhirifu.

Kingine ni eneo kuwa mwishoni kabisa mwa kipande cha PCR. Enzaimu inahitaji pa kushika pande zote mbili, ukitengeneza praima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia PCR) inayoanza moja kwa moja na GAATTC, inateleza. Ongeza herufi sita za ziada mbele, bei yake ni ndogo kuliko kuagiza praima mara mbili. Hivyohivyo maeneo mawili yaliyobanana kwenye vekta (plasmidi ya kubebea kipande chako), enzaimu ya kwanza ikikata ya pili inabaki na eneo lililo ukingoni, ile inayovumilia ukingo mdogo iwe ya pili.

Hapa nataka nikae kidogo maana kuna kazi moja ambayo kukata nusunusu kunakudanganya vibaya, na inafanyika sana huku Afrika Mashariki, kupima usugu wa malaria kwa klorokwini. Jini ya pfcrt ya Plasmodium falciparum, kodoni (herufi tatu tatu) ya 76, kimelea anayesikia dawa ana AAA na sugu ana ACA. ApoI inasoma herufi ya kwanza A au G, kisha AATT, kisha C au T. Kwa anayesikia dawa pale kuna AAATTT, inakatika. Kwa sugu ile A ya kwanza imekuwa C, CAATTT, haikatiki. Sasa umeona tatizo? Kutokatika NDO jibu la usugu. Enzaimu ikifa, au PCR ikiwa na uchafu, au mtu ameweka nyuzi 37 badala ya 50, sampuli zote zinaweza kusomeka sugu. Na ikikata nusu unasoma mgonjwa ana mchanganyiko wa vimelea wa aina mbili, kumbe saa moja haikutosha. Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza 1998, Tanzania 2001, na tangu hapo swali ni je vimelea wanaosikia dawa wamerudi kiasi gani, kwa hiyo kosa hili linakupeleka kuandika usugu haujashuka wakati umeshuka.

Dawa ni kila mara ukate na PCR ya 3D7 sambamba, kimelea wa maabara, huyo anajulikana anakatika, na Dd2, wa maabara pia, ambaye hakatiki. 3D7 ikibaki hata kivuli cha bendi nzima, zoezi lote halifai, rudia, usiseme "kidogo tu". Sampuli yenye sura ya mchanganyiko irudie na enzaimu mara mbili na muda mrefu zaidi, mchanganyiko wa kweli unabaki vilevile, wa uongo unaisha. Na vipande vyake ni vidogo, jeli ya asilimia 1 haitakuonyesha kitu, nenda 2.5 au 3.

Dalili: bendi nyingi NDOGO kuliko ramani

Hii ni kinyume cha ile. Ile ya nusunusu inaleta bendi kubwa kuliko ulizotarajia na ukiongeza muda zinapungua. Hii inaleta ndogo na ukiongeza muda zinazidi. Enzaimu imeanza kukata ovyo, maabara wanaita sta aktiviti, EcoRI badala ya GAATTC inaridhika hata na herufi moja ikiwa siyo yenyewe. BamHI nayo ina sifa hiyo.

Sababu ya kwanza ni gliseroli. Enzaimu iko kwenye asilimia 50, na unatakiwa usivuke asilimia 5 ndani ya tyubu, maana yake kwenye maikrolita 20 enzaimu zote pamoja zisizidi 2. Mtu anakata na EcoRI na HindIII pamoja anaweka maikrolita 2 kila moja, tayari yuko kwenye asilimia 10. Sababu nyingine enzaimu nyingi mno kwa DNA kidogo, chumvi pungufu, pH juu, ethanoli au kiyeyushi cha DMSO, au manganizi kuchukua nafasi ya magnesiamu. Na hii moja haisemwi sana, ukiacha maikrolita 20 inkubeta usiku kucha maji yanapaa yanakusanyika kwenye kifuniko, chini inabaki gliseroli nzito, umejitengenezea mwenyewe. Kama lazima usiku kucha weka kwenye mashine ya PCR yenye kifuniko cha moto. Ila mimi sioni sababu ya usiku kucha, saa moja mpaka mbili na yuniti za kutosha inatosha.

Kabla hujahukumu lakini, hakikisha plasmidi ni hiyo unayoidhani. Bendi zisizolingana na ramani, zenye kung'aa sawasawa, mara nyingi ni tyubu iliyoandikwa vibaya na mtu aliyemaliza shahada akaondoka.

Dalili: moshi mrefu badala ya bendi

Kama ni DNA ya jinomu, yaani DNA yote ya kiumbe, huo moshi ndo jibu sahihi. Enzaimu ya herufi sita inakutana na eneo lake kwa wastani kila jozi 4,096, ukiipiga kwenye jinomu ya binadamu ya jozi bilioni tatu unapata vipande zaidi ya laki saba vya kila saizi, utaona nini zaidi ya moshi. Kama ni plasmidi ndo kuna tatizo. Angalia kishimo cha kwanza, kile kisicho na enzaimu. Kikiwa na moshi pia basi kuna kitu kinakula DNA ndani ya bafa, maji au DNA yenyewe, tupa maji yako anza na mapya. Kikiwa safi, yawezekana enzaimu imeng'ang'ania DNA na inaiburuza kwenye jeli, weka rangi ya kupakilia yenye SDS, pasha 65 dakika chache, pakia tena.

Dalili: imekata vizuri, koloni ndo tatizo

Jeli safi, umeunganisha na ligasi (enzaimu ya kuunga DNA), umepanda bakteria kwenye sahani yenye ampisilini (dawa inayoua wasio na plasmidi), koloni mia, yaani vidoa vya bakteria, na zote hazina kipande chako, au hamna hata moja. Hapa sahani mbili tu zinakutosha. Vekta iliyokatwa bila ligasi, koloni zikiota nyingi ni vekta isiyokatwa, hata kiasi ambacho jeli haikionyeshi kinaotesha vizuri sana, kata upya na uikate bendi kwenye jeli. Vekta iliyokatwa pamoja na ligasi bila kipande chako, zikiota ni vekta inajifunga yenyewe. Kukata kunaacha fosfeti kwenye ncha ya 5', ligasi inaihitaji hiyo, kwa hiyo iondoe kwa fosfatasi (enzaimu ya kung'oa fosfeti) kwenye vekta PEKE YAKE, ukiiondoa na kwenye kipande umefunga milango yote. Au tumia enzaimu mbili zenye ncha tofauti.

Hamna koloni kabisa? Taa ya UV kwanza, kukaa unakata bendi taratibu kwenye UV ya nguvu kunaharibu DNA, tumia taa ya bluu au harakisha. Bafa ya ligasi iliyoyeyushwa na kugandishwa mara nyingi ATP yake, ndo nishati ya ligasi, imekwisha, igawe tyubu ndogondogo. Kama ulikata kipande cha PCR bila kukisafisha, polimerasi (enzaimu ya PCR inayonakili DNA) iliyobaki inaweza kuzijaza ncha nata zikawa butu. Na ukiunganisha BamHI na BglII zinashikana vizuri maana mikia yote ni GATC, ila baada ya hapo hakuna yoyote kati yao itakayokata pale tena, usije ukahakiki koloni kwa BamHI ukasema kipande hakijaingia.

Mwisho, kuua enzaimu kabla ya ligasi. EcoRI inakufa kwa nyuzi 65 dakika 20, HindIII inataka 80. BamHI ya kawaida haifi kwa joto, wengi wanaipasha wanaendelea, inabaki hai inakata tena kile ligasi inachounga. Hiyo pitisha kwenye safu.